Wasikivu Wameingia Moru, na Lokwang Ana Siri

Jumapili, Lodwar. Joto la kawaida, yaani lile la kukufanya ujiulize umemkosea nani. Upepo wa mchanga tangu saa nne.

Ninayo heshima kuwatangazia wananchi wote, wenyeji na wageni, wenye mifugo na wasio na mifugo, kwamba kuanzia jana saa tisa alasiri ni ruhusa kusikia mawazo ya mtu mwingine. Sheria imechapwa, imepigwa muhuri wa duka, na imebandikwa ukutani kati ya bei ya fotokopi na picha ya harusi ya dada yangu. Mwenye pingamizi alitakiwa kulileta mapema.

Mmoja alilileta. Ndiyo maana naandika.

Kwa aliyepotea njia akaangukia blogu hii: nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa mjini. Kila Jumamosi alasiri nafunga mlango nusu, navuta meza katikati, na sisi wanne tunakwenda nchi inayoitwa Moru. Moru haipo. Tuliitunga wenyewe. Mimi ndiye msimulizi: nasema mvua imenyesha, nasema adui yuko nyuma ya kilima. Wenzangu kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika anafanya nini, na tukibishana tunarusha dadu. Mchezo wenyewe niliujifunza kwenye kitabu ambacho mteja mmoja alikichapisha hapa kurasa mia mbili, kisha hakurudi kukichukua. Nilisubiri wiki tatu. Ya nne nikaanza kusoma.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Kitabu kilikuwa na misitu, theluji na majumba ya mawe. Tukaitoa theluji siku ya kwanza. Tukaweka mito inayopita chini ya mchanga, vita vya visima, na miungu waliolala.

Na tukaweka sheria moja kuu, ambayo kitabuni haimo: Moru, kitu kilichofichika kinajulikana kwa njia moja tu. Unachinja mbuzi, na mwaguzi anasoma matumbo. Hata hapa kwetu wapo wazee wanaosoma hivyo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaguzi wetu ni Lokwang. Lokwang huchezwa na Ekai, ambaye wiki nzima ni karani katika ofisi moja hapa mjini, mtu mpole, kalamu mbili mfukoni. Ekai akirusha dadu ikakubali, yeye ndiye anayesema matumbo yameonyesha nini, na mimi kazi yangu ni kuhakikisha jambo hilo linatokea. Akisema mvua, nanyesha mvua.

Miaka minne tumeishi hivyo, kwa amani.

Kisha akaja Nyandeng.

Nyandeng ni mama wa Sudan Kusini, ana duka la sukari na majani ya chai Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi. Miezi kadhaa iliyopita alikuja Lodwar kutoa fotokopi za vyeti vyake, akaiona ramani ya Moru ukutani.

“Hapa ni wapi?” akauliza.

Nikamwambia hakuna mahali kama hapo. Akaangalia tena, akasema, “Lakini maji ni mbali sana na soko. Nani alipanga hivi?”

Nilimpenda papo hapo. Nikampa nakala ya ramani na ya kitabu, akarudi Kakuma, akaanzisha meza yake nyuma ya duka. Juzi juzi akapiga simu: anapata kibali cha kutoka kambini siku mbili, anaomba kuja kucheza na sisi, na atakuja na mhusika wake, wa jamii waliyoitunga huko. Wanaitwa Wasikivu. Wanasikia mawazo ya watu.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Kisha nikakata simu, nikakumbuka kwamba nina wenzangu.

Naungama: sikuwauliza. Niliwaarifu.

Akal, ambaye ni muuguzi na kwenye mchezo ni mganga wa ngamia, alikuwa na wasiwasi mmoja tu. “Mtu akijua nataka tumbako kabla sijaomba, mimi nitaongea naye nini?” Na ana haki. Sisi Waturkana tunaomba. Ukiwa na kitu nitakiomba, ukikataa nitakiomba tena, na huo ndio urafiki. Mtu anayekupa kabla hujafungua mdomo amekunyima mazungumzo yote.

Lomuria, wa bodaboda, ambaye mhusika wake ni shujaa mwenye mikuki mitatu na akili nusu, alifurahi. “Walete! Nataka kujua hawa watu wananifikiria aje.”

“Hiyo haihitaji nguvu yoyote,” Akal akamwambia.

Ekai akazipanga kalamu zake mezani, moja kando ya nyingine.

“Mama Ekiru,” akaniambia, “ukiingiza hao watu Moru, mimi nafunga faili.”

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Sasa, hapa nitawaudhi wasiocheza, lakini vumilieni. Kuingiza jamii yenye nguvu za akili katika nchi ambayo imeshaishi miaka minne bila wao si jambo la kuongeza mstari. Ni kama kuingiza kisima kipya kati ya koo mbili. Kila kitu cha zamani kinaanza kuuliza maswali. Kama Wasikivu wapo, walikuwa wapi wakati wa vita vya visima, tulipotafuta msaliti msimu mzima wa ukame? Wangemsikia siku ya kwanza. Kama mawazo yanasikika bure, nani atachinja mbuzi? Na kama hakuna anayechinja mbuzi, Lokwang anakula nini?

Nilidhani hilo ndilo linalomuuma Ekai. Kazi. Mtu ana ujuzi wake, halafu wanakuja wageni wanafanya kitu hichohicho bila kisu.

(Najua unachofikiria, msomaji. Wenyeji, wageni, kambi, mji. Na mimi nilikiona, nikakifukuza. Hii ni hadithi ya dadu.)

Basi kuanzia Jumapili iliyopita nikaketi nikaandika kanuni. Kurasa kumi na mbili. Msikivu anasikia umbali wa hatua ishirini. Msikivu hasikii akiwa na kiu. Akitumia nguvu mara tatu kwa siku anatokwa damu puani. Kuhusu walikokuwa miaka minne, niliandika “walikuwa wamelala”, kisha nikakumbuka miungu wetu nao wamelala, na nchi haiwezi kuwa na kila mtu mwenye uwezo amelala. Nikafuta. Nikaandika “walikuwa ng'ambo ya mlima”. Nikaangalia ramani. Ng'ambo ya mlima ndiko tuliko sisi.

Kufikia Jumanne nilikuwa nimewaundia Wasikivu ukoo, mlo, magonjwa na adhabu. Sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja anayewacheza.

Huo ndio ugonjwa wetu sisi tuliojifunza wenyewe. Tumezoea kwamba hakuna wa kuuliza.

Jumatano nikaenda Kakuma.

Nyandeng alinipokea kwa chai yenye tangawizi ya kukohoza, akanikalisha nyuma ya duka, na meza yake ikaanza. Walikuwa wanne. Nyandeng mwenyewe, na kijana wa kwao anayezungumza Kiarabu cha Juba tu. Fundi cherehani kutoka Kongo wanayemwita Papa Faustin. Na mama mmoja Mturkana wa Kakuma mjini, Nakiru, ambaye huleta maziwa na akabaki.

“Ejok?” Nakiru akanisalimu.

“Ejok-noi,” nikajibu, nikatoa kurasa zangu kumi na mbili, nikaziweka chini ya kikombe zisipeperuke.

Wakacheza. Na sikuelewa kwa nini wamenyamaza.

Papa Faustin alikuwa anapunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Yule kijana akamtazama, akasema neno moja. Nyandeng akalitafsiri: “Moto.” Papa Faustin akashika kichwa, kwa sababu hakumaanisha moto. Lakini wote wakaitikia, moto umekubaliwa, na kwenye hadithi kijiji kikaanza kukimbia moto ambao haukuwepo.

“Ulitaka kusema nini?” nikamuuliza baadaye.

“Nilitaka kusema nzige,” akasema. “Lakini ni sawa tu. Na nzige nao banakimbiwa.”

Akanieleza. Mwanzoni, kila mhusika akizungumza, Nyandeng alitafsiri kwa huyu, Nakiru kwa yule, na mtu mmoja kufungua mlango ilichukua nusu saa. “Tulichoka kutafsiri, mama. Tukasema basi, hawa batu basikilizane bila kinywa.” Ndipo Wasikivu wakazaliwa. Kanuni yao ni moja, na haijaandikwa popote: anayesikilizwa lazima aonyeshe wazo lake kwa mikono, kwa ukweli, bila neno. Anayesikiliza anasema mara moja alichosikia. Akisema, imekuwa. Hata kama amekosea. Hasa kama amekosea.

Kumbe nguvu zao za akili ni watu wasioelewana waliokubaliana kutozozana.

Nikamuuliza Nyandeng lile swali langu kubwa, lililoninyima raha siku tatu: miaka minne yote hii, Wasikivu walikuwa wapi?

Hakuinua hata macho kutoka kwenye sukari aliyokuwa anapima.

“Walikuwa sokoni,” akasema. “Mliwapita. Hamkuwasalimia.”

Nilirudi Lodwar na ukurasa mmoja, wenye kanuni yao hiyo. Zile kumi na mbili nilimwachia Nakiru, akasema zitamfaa kufungia tumbako.

Ijumaa mchana, saa ile ambayo hata mbuzi wanasimama kwenye kivuli cha nguzo ya stima, Ekai aliingia dukani. Nilimwonyesha ile sheria mpya nikiwa na furaha. Nikamwambia aondoe hofu, Wasikivu wanakosea nusu ya wakati, na tena wanajua tu yaliyo kichwani mwa watu. Matumbo ya mbuzi yanajua mvua. Watu hawajui hata Jumatatu. Lokwang ana kazi mpaka afe.

Ekai akaisoma mara mbili. “Lazima aonyeshe kwa ukweli?”

“Kwa ukweli.”

Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hafanyi saa za kazi.

“Lokwang hajui kusoma matumbo,” akasema.

Nikadhani ni utani. Nikasema dadu zimemkubali miaka minne.

“Dadu ndiyo. Yeye hajui. Hajawahi kuona kitu.” Akaanza kunieleza polepole, kama mtu anayetoa taarifa kwa chifu. Ile siku ya kwanza kabisa, Lokwang alikuwa mtu anayetembea peke yake, hana ng'ombe, hana jina. Akawakuta wengine wanachinja. Alikuwa na njaa. Akasema, mimi nasoma matumbo, kwa sababu msomaji hukaribishwa nyama. Akabuni mvua. Mimi nikanyesha mvua. Akala. Tangu hapo kila akidanganya, linatokea. “Yeye ndiye anayeshangaa kuliko wote,” Ekai akasema. “Kila usiku huko Moru analala akijiuliza watamjua lini.”

Miaka minne nimekuwa nikiufanya uongo wa mtu kuwa kweli, na sikujua hata kama ni uongo.

Nikamuuliza kwa nini asimwache tu ajulikane. Ni mchezo.

Akatoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

“Ofisini nikiongea, watu wanaangalia simu,” akasema. “Hapa nikishika matumbo ya mbuzi ambaye hayupo, hata Lomuria anafunga mdomo.”

Nikamwambia naweza kuongeza mstari: Wasikivu hawawezi kuwasikia waaguzi. Dakika moja tu, printa iko hapa. Akakataa. “Ukiweka sheria kwa ajili yangu, watajua kuna kitu.” Karani ni karani. Akasema atakuja Jumamosi, na kama ni siku ya Lokwang, basi ni siku yake. Akaondoka. Hakukumbuka alichokuja kuchapisha.

(Ekai ameniruhusu kuandika haya. Nilimwonya kwamba wenzake watasoma. Akasema ofisi imemfundisha kwamba njia bora ya kuficha jambo ni kuliandika.)

Jana, basi.

Nyandeng alifika na mkate, na kilo ya sukari “ya meza”, akakaa upande wa mlango penye hewa. Mhusika wake anaitwa Achol, Msikivu, anauza chumvi. Nilimwingiza sokoni, kama alivyosema, na Akal akamwambia, “Kumbe ni wewe! Nimenunua kwako miaka minne.” Hivyo tu. Siku tatu nilizotafuta mlango, Akal aliufungua kwa salamu.

Nilipanga kuwapeleka mbali na mbuzi yeyote. Niliweka msafara, kisima, lango la ukoo wa kigeni. Hakuna siri, hakuna kuagua, nitampa Ekai Jumamosi moja ya kupumua. Lakini wachezaji ni kama mbuzi wenyewe, ukiwafungia njia wanaipenda. Wenyeji wa lango wakataka kujua kama msafara huu una mkosi, Akal akasema tuna mwaguzi, wenyeji wakatoa mbuzi kwa heshima, na kabla sijameza chai Lokwang ameshika kisu.

Ekai akarusha dadu. Ikakubali. Akafungua mdomo.

“Ngoja,” akasema Lomuria. “Leo tuko na Msikivu. Achol, hebu msikilize huyu. Miaka minne anatulisha matumbo, tujue huwa anawaza nini akiyaangalia.”

Alikuwa anatania. Lomuria hana ubaya, hana nafasi ya kuuweka.

Ningeweza kukataa. Msimulizi anaweza kusema mvua imeanza, kila mtu akimbie. Nilimtazama Ekai, na Ekai akatikisa kichwa kidogo tu: hapana. Kisha akaziweka kalamu zake chini, akakunja mikono ya shati.

Angeweza kudanganya kwa mikono pia. Nani angejua? Lakini sheria imesema kwa ukweli, na imepigwa muhuri.

Akashika tumbo la mbuzi hewani. Akavuta kitu kirefu kutoka humo, pole pole, kama mtu anayevuta kamba kisimani. Akakileta mbele ya macho yake, akakitazama. Akakigeuza. Akakitazama tena. Halafu akafungua viganja vyote viwili, vitupu, akatuonyesha.

Hakuna.

Nilisikia mchanga ukigonga bati. Akal aliinamisha macho. Hata Lomuria, sijui kama alielewa, lakini kicheko kilimtoka usoni. Ekai hakuvishusha viganja vyake.

Nyandeng alikunja uso. Alimtazama muda mrefu. Huyu ni mwanamke anayejua mteja anataka robo au nusu kabla hajafika kaunta.

“Mbuzi alikuwa na njaa,” akasema.

Tukamtazama.

“Tumbo tupu. Hakuna cha kusoma. Mwaguzi anaona haya kusema, kwa sababu mbuzi ni wa mwenyeji. Utamwambiaje mtu amekupa mbuzi ambaye hajala?”

Akisema, imekuwa.

Lomuria alipiga meza akacheka mpaka dadu zikaanguka. Wenyeji wa lango, yaani mimi, waliona aibu kubwa, wakaomba radhi, wakaleta mbuzi wa pili, mnono. Ekai alishusha mikono. Akachukua kikombe chake, kilikuwa kitupu, akanywa hivyo hivyo.

Kisha Lokwang akamfungua yule mbuzi wa pili, na mbele ya wote akasema jambo ambalo hajawahi kulisema tangu Moru iumbwe.

“Huyu sina hakika naye,” akasema. “Lakini mimi naona twende.”

Wakaenda. Hakuna aliyeuliza. Lomuria mwenyewe, na mikuki yake mitatu, alitangulia.

Baada ya kucheza, nikiosha vikombe, nilijitungia maelezo marefu. Kwamba Nyandeng alielewa kila kitu. Kwamba aliusoma uso wa mtu mzima anayekaribia kuvuliwa nguo mbele ya rafiki zake, akatafuta haraka uongo wenye heshima, akamfunika nao. Kwamba hiyo ndiyo nguvu ya akili yenyewe, kusikia wazo la mtu kisha kuliacha pale ulipolikuta. Nilikuwa hata nimeanza kuliandika kama kanuni ya pili. Nilitaka kuibandika chini ya ile ya kwanza.

Leo asubuhi, baada ya kanisa, nilimsindikiza kupanda gari la Kakuma. Nikashindwa kujizuia. Nikamshika mkono.

“Dada yangu, jana, ile mikono ya Ekai. Wewe ulielewa, sivyo?”

“Ya Ekai? Aa, mama, nilibahatisha tu,” akasema. “Miwani yangu ya kuona mbali niliisahau Kakuma, juu ya friji.”